Nta inapopasuka: kwa mwanafunzi aliyeuliza kuhusu mpangilio na machafuko

*"Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa mwisho wa masomo ya sanaa hapa Dar es Salaam. Mradi wangu wa kumalizia chuo nimeupa dhamira ya mpangilio na machafuko. Nimechora kanvasi moja kubwa: upande wa kushoto ni miraba iliyopigwa kwa rula, upande wa kulia nimemwaga na kurusha rangi. Msimamizi wangu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, 'Naona wapangaji wawili chumba kimoja, na hawasemezani.' Nimebakiwa na wiki saba. Rafiki yangu ananishauri nitumie programu ya kompyuta inayochora frakta, yale maumbo yanayojirudia ndani yake kila ukiyakuza. Mwingine anasema machafuko ni kutokuwa na sheria yoyote, kwa hiyo nisipange kitu, niiachie mikono. Nimesikia pia habari ya kipepeo anayepiga mbawa huku akaleta kimbunga kule. Mama yangu ni fundi wa batiki na nimekua nikimsaidia, ila naona batiki ni ya kawaida mno kwa mradi wa chuo. Niseme na ukweli mwingine: dhamira hii niliichagua kwa sababu mwaka jana nyumbani kwetu mambo yalivurugika, na sitaki kuyaeleza. Nianzie wapi?"*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale ulipoandika kwamba batiki ni ya kawaida mno. Nitarudi hapo, maana naona umelikalia jibu lako bila kujua. Lakini tuanze na msimamizi wako, kwa sababu amekupa neno zito na nina wasiwasi umelipokea kama karipio.

Jaribu hivi: simama mbele ya kanvasi yako, ufunike upande wa kushoto kwa shuka. Je, upande wa kulia umepungukiwa na kitu? Funika wa kulia. Je, miraba imepungukiwa? Nadhani utaona hakuna kilichopungua, na hicho ndicho alichokiona yeye. Michirizi yako haikutoka kwenye miraba, wala miraba haijui kwamba ina jirani. Umesimamisha vibao viwili, kimoja kimeandikwa mpangilio na kingine machafuko, na mtazamaji akishavisoma hana la kufanya tena pale. Mikono yako haina kosa. Kilichokuangusha ni wazo ulilolitangulia nalo, kwamba mpangilio na machafuko ni nchi mbili zenye mpaka katikati. Machafuko yanayomfaa msanii huzaliwa ndani ya mpangilio wenyewe, na kazi yako ni kumfikisha mtu pale yanapozaliwa.

Sikiliza lugha yetu kwanza. Tuna fujo, ghasia, zogo, vurumai, rabsha, na yote hayo ni ya watu, ya kelele na kusukumana. Lakini mvuvi akirudi pwani kabla ya wakati husema bahari imechafuka, na hakuna mvuvi anayedhani kwamba bahari iliyochafuka imeacha kufuata upepo, kina na mkondo. Imechafuka kwa sababu inavifuata vyote kwa pamoja. Hata Wagiriki wa kale, ambao neno lao *khaos* ndilo lililozaa yale ya Kizungu, kama *chaos* la Kiingereza, hawakuanzia kwenye fujo. Kwa Hesiod, mshairi wa takriban miaka 700 kabla ya Kristo, neno hilo lilikuwa mwanya, pengo lililotangulia vitu vingine vyote. Maana ya vurugu ilikuja baadaye.

Sasa kwa rafiki yako anayesema uiachie mikono. Anachanganya mambo matatu. Kuna uzembe, ambapo hakuna aliyejali. Kuna bahati nasibu, kama kurusha dadu, ambapo kila mrusho hauna habari na uliotangulia. Na kuna hiki ambacho wanasayansi wanakiita kaosi: sheria ipo, inafuatwa bila kukosea hata mara moja, na bado huwezi kusema mbele kutakuwaje. Hiki cha tatu ndicho chenye utajiri kwako, na unaweza kukishika kwa vidole vyako leo hii.

Fungua kikokotoo cha simu. Fikiria bwawa la samaki: likijaa kabisa tunaliita 1, likiwa tupu ni 0. Samaki wa mwaka ujao unawapata hivi: chukua kiasi cha sasa, zidisha kwa nafasi iliyobaki, yaani 1 kutoa kiasi hicho, halafu zidisha kwa namba ya kuzaana. Sheria ni hiyo tu. Weka namba ya kuzaana iwe 2.5, uanze na 0.2. Utapata 0.4, halafu 0.6, halafu 0.6 tena, na 0.6 mpaka uchoke. Bwawa limetulia. Sasa ipandishe namba ya kuzaana iwe 4, anza tena na 0.2, na usikate desimali njiani. Nikizifupisha kwa ajili ya kuandika hapa, zinatoka 0.64, 0.92, 0.29, 0.82, 0.59, 0.97, 0.11, 0.40, 0.96. Hazitulii. Rudia mara ya tatu kwa sheria ileile, ila uanze na 0.201. Tofauti ni moja katika elfu, na mwanzoni hutaiona: 0.64, 0.92, 0.30, 0.84. Kisha zinaanza kuachana: 0.55, 0.99, 0.03, 0.13, na hatua ya tisa 0.45, wakati ile ya kwanza iko 0.96. Bwawa moja limejaa, jingine halijafika hata nusu.

Hakuna dadu iliyorushwa hapo. Hakuna aliyekosea. Robert May, mwanasayansi kutoka Australia, aliandika mwaka 1976 kuhusu hesabu hii hii na akasisitiza kwamba wanafunzi wafundishwe mapema, ili wajue kwamba kanuni fupi inaweza kuzaa tabia ngumu kupita kiasi. Ningekuomba uifanye kwa mkono, kwenye daftari, hatua zote tisa. Ukiifanya utahisi kitu ambacho maelezo yangu hayawezi kukupa: ule wakati, kwenye hatua ya saba au ya nane, ambapo namba ulizokuwa ukizifuata kama ndugu zinakuwa wageni. Wakati huo ndio dhamira yako.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili miaka mingi kabla ya kikokotoo. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi kama Machi, na ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Oman, Ghuba na India. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili, na ndiyo iliyoyarudisha. Biashara nzima, ndoa, madeni na miji ilijengwa juu ya mpangilio huo. Lakini nahodha aliweza kuahidi msimu, hakuweza kuahidi siku. Ndani ya kaskazi ileile kulikuwa na siku ya shwari na siku ya dhoruba, na upepo ulikuwa ni mmoja.

Na hapa ndipo alipotokea kipepeo wako, kwa hiyo tumnyooshe. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa huko Massachusetts, Marekani, alikuwa na kompyuta iliyokokotoa hali ya hewa ya kubuni. Siku moja alitaka kurudia sehemu ya hesabu, akaingiza namba aliyoisoma kwenye karatasi, 0.506. Ndani ya mashine namba hiyo ilikuwa 0.506127, karatasi ilikuwa imezikata tarakimu za mwisho. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ya mara ya pili ilikuwa imeiacha kabisa ile ya kwanza. Kipepeo alikuja baadaye, kwenye hotuba yake ya mwaka 1972, na alikuja kama swali: je, kipepeo akipiga mbawa Brazil anaweza kuzusha kimbunga Texas? Watu wamelichukua swali hilo kama hadithi ya chanzo na tokeo, kwamba kiumbe mdogo ana nguvu ya kuangusha nyumba. Alichokuwa anakionyesha Lorenz ni kwamba kwa kuwa hatuwezi kumpima kila kipepeo, utabiri wetu wa mbali una ukomo hata kama sheria zote za anga tunazijua. Ukichora kipepeo mkubwa na kimbunga nyuma yake, utakuwa umechora hadithi isiyo sahihi, na ambayo imeshachorwa sana.

Kuna mfano wa nyumbani ninaoupenda kuliko kipepeo. Ni bao. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji 32. Katika bao la Kiswahili unaanza na kete sita ndani ya nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, mbili mbili katika mashimo mawili ya pembeni yake, na 22 zinabaki ghalani, yaani akiba ya kuingizwa baadaye. Hakuna dadu, hakuna kilichofichwa, kila kitu kiko juu ya ubao. Sheria inayonivutia ni ya kete ya mwisho: ikiangukia shimo lenye kete, mkono wako unaendelea, ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu imekwisha.

Niliwahi kukaa barazani nikimtazama mzee mmoja akipanga mtaji wake, yaani mzunguko wa kula kete za mwenzake. Alihesabu kwa macho kwa muda mrefu, kidole kikigusa hewa juu ya mashimo, akachota, akaanza kusambaza. Mahali fulani katikati, vidole vikamponyoka, kete mbili zikaingia shimo moja. Hakuna aliyesema kitu. Mtaji uliokuwa uzunguke upande wake mzima ukaishia shimo la tatu, tupu. Mzee akaweka mkono pajani, akatabasamu, na mpinzani wake akala safu karibu yote. Mwanahisabati atakuambia bao si kaosi kamili, kwa sababu mashimo na kete vina hesabu yenye mwisho, naye atakuwa sahihi. Lakini kwa macho ya msanii kila kitu kipo: sheria wazi, mkono unaoitii, na mahali ambapo kete moja inageuza kila kitu. Angalia pia kwamba badiliko linakuja kwa kizingiti. Shimo ama lina kitu ama halina. Kanvasi yako haina kizingiti cha aina hiyo, ina mstari katikati tu.

Haya, turudi kwenye batiki.

Unajua kuliko mimi jinsi mama yako anavyofanya: nta inayeyushwa, inapakwa au kugongwa kwa mhuri, kitambaa kinapoa, kinachovywa kwenye rangi ya baridi, rangi inakataa kupita penye nta. Na unajua kwamba nta ikipasuka, rangi inapenya kwenye ufa na kuacha ule mshipa mwembamba ambao wateja wengine wanaupenda na wengine wanauita kasoro. Mafundi wengi wanachanganya nta ya nyuki na parafini, ile ya mishumaa, kwa sababu ya nyufa hizo. Nta ya nyuki ni laini, inakunjika pamoja na kitambaa. Parafini ni kavu, ukiikunja inakatika. Kwa hiyo kadiri unavyozidisha parafini ndivyo nyufa zinavyozidi, na fundi mwenye uzoefu anaweza kukuahidi nyufa chache au nyingi kabla hajawasha moto. Hawezi kukuahidi ufa utapita wapi. Msimu anaujua, siku haijui.

Chukua kipande kimoja cha mama yako chenye nyufa, ukitazame kwa kioo cha kukuzia. Tafuta mahali nyufa mbili zinapokutana. Mara nyingi utaona moja inanyooka moja kwa moja na nyingine inaigonga kwa ubavu na kuishia hapo, kama herufi T. Ile iliyonyooka ilitangulia. Ile iliyoishia ilifika ikakuta nta imeshaachana, hakuna tena mvutano wa kuipeleka mbele. Utaona jambo hilohilo kwenye tope la bwawa lililokauka na kwenye vigae vya zamani. Maana yake nyufa unazoziona zimetawanyika ovyo zina mpangilio wa wakati, na unaweza kuusoma: huu ulikuja kwanza, huu wa pili, huu mdogo ulikuja wa mwisho. Mimi nimefundisha usanifu wa vitambaa kwa miaka mingi na bado hili linanisimamisha kila ninapoliona. Huwezi kulipata kwa kurusha rangi.

Ndiyo maana nilishtuka uliposema batiki ni ya kawaida mno. Ni ya kawaida kwako kwa sababu umelala chini ya kamba zake tangu utoto. Hata hao wanaokusahihisha, sidhani kama wengi wao wamewahi kuonyeshwa kwamba ufa wa nta una tarehe.

Ningekuwa mimi, ningefanya vipande vitano vya ukubwa wa khanga moja, kwa umbo la khanga: pindo pande zote nne, mji katikati, na nafasi ya jina chini. Khanga tayari ni somo la mpangilio, kila anayeivaa anajua pindo ni wapi na mji ni wapi. Chora mji mmoja, uleule, kwenye vipande vyote vitano; tumia miraba yako ya rula kama unaipenda, itapata kazi hatimaye. Pindo lote, katika vipande vyote, lipake nta ya nyuki tupu. Mji ubadilishe: kipande cha kwanza nta ya nyuki tupu, cha pili robo iwe parafini, cha tatu nusu kwa nusu, cha nne robo tatu, cha tano parafini tupu. Kila kipande ukikunje mara zilezile, kwa mikono ileile, ukichovye rangi moja kwa dakika zilezile. Usibadilishe kingine chochote. Mtazamaji akipita kutoka cha kwanza hadi cha tano ataona mji uleule unavyoanza kuvunjika, na hutahitaji kumwandikia maelezo kwamba sheria haikubadilika. Ataiona.

Litakalonivutia zaidi mimi ni mpaka wa mji na pindo. Baadhi ya nyufa zitafika pale na kufa, nyingine zitapenya kidogo. Hapo wapangaji wako wataanza kusemezana.

Nikuonye juu ya kipande cha tano. Parafini tupu inaweza kubanduka magamba, rangi ikaingia kila mahali, na ukatoa kitambaa cheusi au cha buluu kote, bila ufa hata mmoja wa kuonekana. Likitokea hilo usikifiche. Machafuko yakipita kiasi yanajifuta yenyewe, na mji uliovunjika kabisa unafanana na mji ambao haukuwahi kuchorwa. Kitundike palepale mwishoni. Lakini hakikisha umekipiga picha kila hatua, ili wasahihishaji waone umefika hapo kwa kufuata sheria na wala hukukosea.

Ile njia ya programu siipingi. Frakta zina ukweli ndani yake, na kompyuta inakuruhusu kujaribu mara elfu kwa usiku mmoja. Matatizo ni mawili. Picha zake zimeonekana sana, kiasi kwamba jicho huziona kama pambo. Na wakikuuliza mbele ya kazi, 'Wewe ulifanya nini?', itakubidi uwe na jibu. Kama unajua kuandika programu mwenyewe, andika ile hesabu ya bwawa, uitumie kuamua kitu kimoja kwenye batiki zako, mathalani umbali wa mhuri kutoka mhuri. Kama hujui, wiki saba ni chache za kujifunza hilo na kumaliza kazi.

Bao nalo linaweza kuwa mradi: cheza mchezo mmoja mara mbili, mara ya pili ukihamisha kete moja tu mwanzoni, na urekodi hali ya ubao kila zamu kama safu ya picha ndogo. Ni kazi safi na ya bei nafuu. Udhaifu wake ni kwamba utahitaji mchezaji hodari wa kweli, mwenye subira ya kucheza huku ukimwandika, na asiyelijua bao hataona tofauti.

Kama unatafuta mwenzako aliyekutangulia katika dhamira hii, nenda Mwenge kwa wachongaji wa Kimakonde, uombe kukaa nao asubuhi moja. Angalia mitindo miwili ikiwa bega kwa bega. Ule wa ujamaa: watu wamepandana kuzunguka gogo, kila mmoja ameshikilia wa juu yake, na hakuna anayeweza kuondolewa bila wengine kuanguka. Na ule wa shetani, ambao Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuuanzisha jijini Dar es Salaam miaka ya 1950: jicho moja, mkono unaogeuka kuwa mguu, mdomo usio na uso. Utadhani mchongaji wa shetani anafanya anachotaka. Mtazame anavyofanya kazi. Analigeuza gogo la mpingo, anatafuta tawi lilipotokea na mahali ufa ulipoanza, na tumbo la shetani linafuata pale mti ulipopinda. Anaongozwa na mti kuliko hata mwenzake wa ujamaa. Muulize hilo mwenyewe, atakueleza kwa lugha nzuri kuliko yangu.

Kuna mambo nisingependa uyafanye kwa kusoma maandishi yangu pekee. Ukishaamua michanganyiko ya nta, kaa na mama yako au fundi mwingine mzoefu siku ya kwanza ya kila mchanganyiko mpya, kwa sababu parafini na nta ya nyuki haziyeyuki kwa joto lilelile na jiko la chuoni si jiko la nyumbani. Sufuria ya nta ikae ndani ya sufuria yenye maji, isiwe juu ya moto moja kwa moja. Nta ikianza kutoa moshi imeshapita kiasi, izime. Ikishika moto, ifunike kwa mfuniko na uzime jiko. Usimwagie maji kamwe, yatautawanya moto usoni mwako. Kama rangi zenu ni zile zinazohitaji kostiki soda, vaa glavu na miwani, fanyia kazi nje au penye hewa, na soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji, maji hayatiwi juu ya soda. Ikikurukia jichoni, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa robo saa nzima au zaidi, kisha uende hospitali hata kama maumivu yamepoa.

Kuhusu muda: wiki mbili za kwanza ni za majaribio kwenye vipande vidogo vya ukubwa wa leso, na kila kipande ukiandikie pembeni uwiano wa nta na siku. Wiki tatu zinazofuata ni za vipande vitano. Ya sita ni ya kutoa nta kwa maji ya moto, kupiga pasi na kukunja pindo za mshono. Ya saba ni ya kutundika, na itakwisha yote hapo, niamini. Mwite msimamizi wako mwisho wa wiki ya pili, akae na majaribio yako mkononi. Picha za simu zitamficha nyufa ndogo, na hizo ndizo anazopaswa kuziona.

Nimeliacha mwisho lile la nyumbani, kwa sababu hukuliulizia na nimekuheshimu kwa kutolitaja. Huna deni la kulieleza kwa mtu yeyote, si kwa wasahihishaji wala kwangu. Lakini wiki saba za kutazama vitu vikivunjika mbele ya macho yako ni ndefu kwa mtu ambaye kuna kitu kimemvunjikia. Ukiona usingizi unakukimbia, au unashindwa kula, au unaikimbia kazi kila ukiikaribia, tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana: mshauri wa wanafunzi hapo chuoni, shangazi unayemwamini, kiongozi wako wa dini, au daktari. Usisubiri mradi uishe. Mradi unaweza kuongezewa muda. Wasimamizi wengi watakubali ukiwaambia mapema kwamba hali yako si nzuri, hata bila maelezo.

Na kuna ile nafasi ya jina. Katika khanga, jina ndipo mwanamke anapoweka lile ambalo mdomo hauwezi kulisema mbele za watu. Jirani anasoma, anaelewa au haelewi, na aliyevaa anaendelea na safari yake. Vipande vinne vya mwanzo iache nafasi hiyo tupu, ipake nta ya nyuki ibaki nyeupe. Cha tano, usiku wa kabla ya kukichovya, andika kwa nta unachotaka, kwa parafini ileile inayopasuka. Huenda kikasomeka, huenda nyufa zikakimeza. Kisha unitumie picha, au usinitumie.